Mwezi wa Neva: Nguvu za Mtu Anayeanza Mazoezi Nyumbani

Mtu ambaye hajawahi kufanya mazoezi akianza kuketi na kuinuka kitini mara 10, siku tatu kwa wiki, baada ya wiki tatu mara 10 zile humwia nyepesi, naye hufika 15. Akijitazama kwenye kioo haoni badiliko lolote: paja ni lile lile, mkono ni ule ule, na mizani inasoma kilo zile zile. Nguvu zimeongezeka, lakini msuli haujakua. Jambo hili limepimwa kwa zaidi ya miaka 100, na ndilo linalopaswa kuamua jinsi ratiba ya nyumbani ya mtu anayeanza inavyopangwa.

Jiji la Durban lilipata somo la mazoezi ya nyumbani bila kulitaka. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 2020, Afrika Kusini ilifunga shughuli zake kwa sababu ya UVIKO-19, na kanuni zake zilikuwa kali kuliko za nchi nyingi. Kwa siku 35 ilikatazwa kukimbia barabarani, kutembea kwa ajili ya mazoezi, na hata kumtembeza mbwa nje ya ua wa nyumba. Ufukwe wa Golden Mile, ambako watu hukimbia tangu alfajiri, ulibaki mtupu. Kuanzia tarehe 1 Mei ruhusa ilitolewa kwa muda wa saa tatu tu kwa siku, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na ndani ya kilomita 5 kutoka nyumbani. Mbio za Comrades, ambazo tangu 1921 huunganisha Durban na Pietermaritzburg kwa takriban kilomita 90, zilifutwa mwaka huo. Katika maghorofa ya katikati ya jiji, wanakoishi pia wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo mashariki, Burundi na Tanzania, nafasi ya sakafu kati ya kitanda na kabati ndiyo iliyobaki kuwa uwanja.

Zuio liliondolewa, haja ya mazoezi ikabaki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Afrika Kusini wa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 68 ya wanawake na asilimia 31 ya wanaume walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Faida zake kwa moyo, sukari ya damu, mifupa na usingizi zinajulikana vya kutosha. Kisichojulikana sana ni kinachotokea ndani ya mwili katika mwezi ule wa kwanza, ambao wengi hukata tamaa kabla haujaisha.

Msuli haujikunji wenyewe. Hungoja amri, na amri hiyo hutoka kwenye ubongo, hushuka kwa uti wa mgongo, kisha hukabidhiwa kwa seli za neva ziitwazo neuroni za mwendo. Kila neuroni ya aina hiyo hutoa mkia mrefu unaofika kwenye msuli na kugawanyika, ukishika nyuzi kadhaa za msuli. Neuroni moja pamoja na nyuzi zake zote ni kikosi kimoja. Wanafiziolojia wa Uingereza Liddell na Sherrington ndio waliokipa kikosi hiki jina la kitaalamu mwaka 1925. Neuroni ikiwaka, nyuzi zake zote hujikunja pamoja; isipowaka, hakuna hata mmoja unaojikunja. Katika misuli inayozungusha jicho, kikosi kimoja kina nyuzi chache, kiasi cha 10 hivi, kwa kuwa kazi yake ni ya umakini. Katika msuli wa shavu la mguu, kikosi kimoja kinaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 1,000.

Ubongo una njia mbili za kuongeza nguvu ya msuli. Ya kwanza ni kuita vikosi vingi zaidi. Ya pili ni kuviamuru vilivyokwisha kuitwa viwake kwa kasi zaidi, kutoka mara 8 hivi kwa sekunde hadi 30 au kuzidi. Mpangilio wa kuviita una utaratibu wa ajabu. Elwood Henneman wa Chuo Kikuu cha Harvard, akichunguza uti wa mgongo wa paka, alionyesha katika machapisho yake ya mwaka 1957 na 1965 kwamba vikosi vidogo huanza daima, vya kati hufuata, na vikubwa huja mwisho, pale tu mzigo unapokuwa mzito.

Sababu yake ni fizikia ya sekondari. Neuroni iliyotulia ina tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya utando wake, kiasi cha milivolti 70, ndani kukiwa hasi. Ili iwake, tofauti hiyo lazima ipungue hadi milivolti 55 hivi. Amri ya ubongo hufika kama mkondo mdogo wa umeme unaoingia ndani ya seli. Neuroni kubwa ina utando mpana wenye matundu mengi ya kupitishia umeme, basi mkondo mwingi huvuja na volti yake hubadilika kidogo tu. Neuroni ndogo ina utando finyu na ukinzani mkubwa. Mkondo ule ule huipandisha haraka, nayo huwaka kwanza. Hiyo ndiyo kanuni ya Ohm: volti ni zao la mkondo na ukinzani. Kwa hiyo ubongo hauhitaji kuweka orodha ya nani aitwe kabla ya nani, kwa kuwa ukubwa wa seli unatosha kuamua zamu. Tena zamu hiyo ina faida yake. Neuroni ndogo hushika nyuzi za polepole zisizochoka upesi, ambazo humtosha mtu aliyesimama au anayenyanyua kikombe cha chai. Neuroni kubwa hushika nyuzi nene zenye nguvu na zinazochoka haraka, ambazo huhitajika mtu anapopanda ngazi na mfuko wa unga begani. Kwa mtu anayekaa kutwa, vikosi hivi vikubwa huitwa kwa nadra mno.

Durban ina mfano wake ulio hai wa utaratibu huu: kwaya za isicathamiya, uimbaji wa wanaume wa Kizulu bila ala, uliokomaa katika mabweni ya wafanyakazi na katika mashindano ya usiku kucha ya jijini humo. Kundi la Ladysmith Black Mambazo la Joseph Shabalala limetokana na uimbaji huo. Kiongozi huanza peke yake kwa sauti ya chini. Sauti za juu, ambazo mara nyingi huimbwa na mtu mmoja mmoja, huingia baada yake. Mwisho huingia besi, kundi kubwa kuliko yote, na ukumbi hujaa. Kwaya changa ina watu wale wale ambao kwaya kongwe ingekuwa nao, lakini haisikiki vizuri. Besi wengine hawajiamini na hukaa kimya hadi wimbo ufike kileleni. Wengine huimba, lakini huvuta pumzi katikati ya neno. Wapo hata wanaoimba wimbo mwingine, wakiwavuta wenzao nyuma. Baada ya mwezi wa mazoezi hakuna mwimbaji mpya aliyeajiriwa, na hakuna kifua kilichopanuka, lakini sauti imekuwa maradufu. Besi wanaingia mapema, wanashikilia noti bila kukatika, na wale waliokuwa wakivuta upande mwingine wamejifunza kunyamaza zamu isipokuwa yao.

Katika mwili wa anayeanza mazoezi hutokea mambo hayo matatu. Vikosi huanza kuingia kwenye mzigo mdogo kuliko awali, na huwaka kwa kasi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia vikosi vile vile vya msuli wa mbele ya mguu, chini ya goti, kwa kutumia vinasa umeme vilivyobandikwa juu ya ngozi. Wiki nne za mazoezi zilitosha kuonyesha mabadiliko yote mawili. Jambo la tatu ni misuli pinzani. Mtu anapoinuka kitini, misuli ya mbele ya paja hunyoosha goti, huku ile ya nyuma ikiweza kulikunja. Asiyezoea hukaza pande zote mbili kwa hofu ya kuanguka, kama dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Utafiti wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba ukazaji huu wa misuli pinzani huanza kupungua ndani ya wiki ya kwanza, na hilo peke yake huongeza nguvu inayoonekana nje.

Ushahidi wa zamani zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1894. Edward Scripture na wenzake, Theodate Smith na Emily Brown, walichunguza mazoezi ya kuminya kwa mkono mmoja tu, wakapima mikono yote miwili. Mkono ambao haukufanya kazi ulipata nguvu pia. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walilifuatilia jambo hilo kwa wiki nane katika misuli inayokunja kiwiko. Katika mkono uliofanya mazoezi, sehemu kubwa ya nguvu za mwanzo ilitokana na neva, na ukuaji wa msuli ulichukua nafasi ya kwanza baada ya wiki tatu hadi tano. Mkono mwingine uliongezeka nguvu bila msuli wake kukua. Ongezeko hilo halikuwa na pa kutoka ila kwenye mfumo wa neva.

Kutokana na hayo, ratiba ya mwezi wa kwanza inapaswa kufanana na mazoezi ya kujifunza, kwa kuwa kujichosha hadi kuanguka hakuifundishi neva kitu. Neva hujifunza kwa kurudia jambo moja mara nyingi, kwa usahihi, na kwa kupumzika katikati. Siku tatu kwa wiki zinatosha, zikitenganishwa na siku moja moja, kwa dakika 20 hivi kila mara. Mazoezi matano yanatosha pia: kuketi na kuinuka kitini bila kushika, pushapu za kusimama, mikono ikiwa ukutani, kulala chali na kuinua nyonga, planki ya magoti, na kusimama kwa vidole kwenye ngazi ya chini huku mkono ukishika ukuta. Kila zoezi hurudiwa mara 8 hadi 12, isipokuwa planki, ambayo hushikiliwa kwa sekunde 15 hadi 20. Baada ya kupumzika kwa dakika moja au mbili, raundi ya pili hufuata. Mtu aache akiwa bado na nguvu za kurudia mara mbili au tatu zaidi, kwa sababu marudio yanayofanywa kwa mwili uliokwisha kupinda huzoesha mwili kupinda.

Mara 12 zikiwa rahisi, mzigo uongezwe. Kiti kirefu kibadilishwe kwa kifupi, pushapu zishuke kutoka ukutani hadi kwenye meza imara, kisha sakafuni. Chupa ya lita 2 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 2 hivi, na mfuko wa kilo 10 wa unga wa mahindi unatosha kwa miezi mingi ya mbele. Kuongeza mzigo ndiko kunakovilazimisha vikosi vikubwa kuitwa, kama kanuni ya Henneman inavyotaka. Siku zilizobaki ni za kutembea kwa mwendo wa kumfanya mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba.

Maumivu ya misuli yatakuja, kwa kawaida siku moja hadi tatu baada ya zoezi la kwanza. Hayatokani na asidi ya laktiki, kwa kuwa laktati huondoka kwenye damu katika muda wa saa moja hivi. Hutokana na michubuko midogo ya nyuzi, hasa zile zilizofanya kazi zikiwa zinarefuka, kama wakati wa kushuka ngazi au kuketi polepole. Zoezi lile lile likirudiwa wiki inayofuata huuma kidogo sana.

Hali ya hewa ya Durban nayo ina neno lake. Mwezi Januari joto la mchana hufika nyuzi 28 na unyevu wa hewa huwa mkubwa, hivyo jasho hutiririka bila kukauka. Na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Desemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na hiyo ndiyo saa nzuri ya mazoezi karibu na dirisha lililo wazi. Juni hadi Agosti hewa ni kavu na ya wastani, na ndio msimu mwepesi wa kuanzia.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, au ujauzito aanze kwa kuuliza kliniki. Maumivu ya kifua na kizunguzungu ni ishara ya kuacha mara moja na kutafuta huduma.

Anayeanza aandike kwenye daftari idadi ya marudio ya kila zoezi, tangu siku ya kwanza. Namba hizo zitapanda kabla ya kitu kingine chochote kubadilika. Kioo na utepe wa kupimia visubiri hadi wiki ya nane, na mazoezi yasikatizwe kabla ya hapo.