Kiti cha pili ndani ya gari

Jumapili iliyopita, tukitoka ibadani hapa Ipuli, Tabora, kijana wangu alinionyesha kwenye simu magari mawili yaliyowahi kushinda mbio za Safari. "Baba, lipi kali?" akaniuliza.

La kwanza lilikuwa Datsun 240Z, lililompa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Injini yake ilikuwa ya silinda sita na kabureta. Ikikohoa, fundi alifungua boneti akaitafuta shida kwa macho na masikio. Lile la dukani lilikuwa na lita 2.4 na nguvu za farasi kama 150. Kwenye mbio lilikimbizwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye vumbi na matope.

La pili lilikuwa Toyota GR Yaris la Kalle Rovanperä, mshindi wa mwaka 2022. Injini yake ni ndogo, lita 1.6, lakini ina turbo, na kwa msaada wa umeme nguvu zake zilipita farasi 500. Siku hizi, sehemu za kupimwa muda katika mbio hizo hazifiki kilomita 400.

Nilitetea la zamani, naye akatetea la kisasa. Kwa kasi, alinishinda. Ndipo nikaona kitu ambacho miaka 49 haikukibadilisha: kiti cha pili. Kwa Mehta alikaa Lofty Drews. Kwa Rovanperä alikaa Jonne Halttunen. Msoma ramani hutaja kona ambayo dereva hajaiona, na dereva hukata usukani kwa kuiamini sauti hiyo. Gari likipinduka, wanapinduka wote wawili.

Sisi wa Tabora si wageni wa jambo hili. Misafara ya Wanyamwezi iliyopita hapa kwenda pwani ilitanguliwa na kirangozi. Mpagazi hata awe na misuli kiasi gani, alimfuata aijuaye njia.

Mpendwa msomaji, niliona aibu. Kijana wangu nimempa shule, nikampa simu, na mwaka huu pikipiki. Nimezidi kumwongezea injini, lakini kiti cha pili nimekiacha wazi. Nikisema naye, ni kama mtu anayepiga kelele kando ya barabara, tena baada ya kona kupita.

Mtazame Yesu katika Luka 24. Wanafunzi wawili walikuwa wakienda Emau, mioyo imevunjika. Hakuwaita kwa mbali. Alitembea nao, akawauliza, akawasikiliza, kisha akawafafanulia Maandiko.

Jioni ile nilimwomba kijana anipeleke mjini, nikapanda nyuma ya pikipiki yake. Tulikwenda polepole. Kabla hatujafika, aliniambia jambo alilokuwa ameliweka moyoni kwa miezi kadhaa.

Wako je, nani amekaa naye? Jumapili njema.