Feza za Migodi na Maji ya Musonoi

Makatekista wetu wa Kolwezi wanaulizwa mara nyingi: "Serikali inapata feza nyingi juu ya shaba na kobalti. Sababu gani muto haujasafishwa?" Kwa kujibu vema, lazima kwanza kufahamu sheria.

Kampani inayochimba inalipa redevanse, maana yake sehemu ya samani ya mali inayouzishwa. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyogeuzwa mwaka 2018, inataka 3.5 kwa 100 juu ya shaba, na 10 kwa 100 juu ya kobalti. Feza hizo zinagawanyika hivi: 50 kwa 100 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta ao sheferi yenye mugodi, 10 kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Muangalie vizuri: hakuna sehemu hata moja yenye jina la maji wala la hewa. Ni kweli, sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 iliweka mufuko wa kazi hiyo, lakini huo ni mufuko mwingine.

Kampani nazo zinapashwa kuweka feza za kutengeneza udongo zilioharibu. Vema. Lakini takataka za wazee? Tangu wakati wa Union Minière, ambayo serikali ilitwaa mali yake mwaka 1967, mabaki ya kusafisha mawe yalimwagwa kule Kingamyambo na katika bonde la Musonoi. Tangu mwaka 2018 kampani Metalkol inayatumikisha tena, sababu kobalti na shaba zimebaki ndani. Ndiyo kusema: takataka yenye faida inapata bwana, isiyo na faida inangojea serikali.

Basi ile 15 kwa 100 ndiyo iliyo karibu nasi. Dilala na Manika ni komine, na kila komine inaandika bujeti yake kila mwaka. Katika parokia zetu, nani ameisoma? Tusimulaumu burgomestre mbele ya kusoma hesabu, maana shule na barabara nazo zinalilia feza zile zile. Lakini katekista anayejua Kifaransa anaweza kwenda ofisini pamoja na wazee wawili watatu, kuuliza kwa heshima: mwaka huu, feza ngapi zimeandikwa kwa visima, na ngapi kwa kupima maji ya muto?