Buluu iliyokoza: Jina moja kwenye makopo, rangi mbili mlangoni

FUNDI amepewa kazi ya kupaka rangi milango 40 ya shule. Bodi ya shule imeagiza buluu iliyokoza, inayolingana na sweta za wanafunzi. Anaponunua makopo manne ya lita nne kila moja, anaamini yatatosha.

Baada ya kumaliza mlango wa 26, rangi inamwishia. Anarudi dukani na kuarifiwa kuwa rangi ya kampuni ile imekwisha. Mwuzaji anamtolea kopo la kampuni nyingine lenye maandishi yale yale, Navy Blue, na kumhakikishia kwamba hakuna tofauti.

Siku ya pili, jua linapochomoza, tofauti inajitokeza waziwazi. Milango 26 inaelekea zambarau ilhali 14 inaelekea kijani. Mwalimu mkuu anakataa kuidhinisha malipo hadi kazi irudiwe, na gharama ya kuirudia ni ya fundi.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini yeyote aliyewahi kushika brashi anajua jinsi kinavyotokea. Je, mbona rangi mbili zenye jina moja zitofautiane? Na fundi anaweza kufanya nini ili asiambulie hasara?

Jina si rangi

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba jina lililoandikwa kwenye kopo ni la kibiashara. Hakuna sheria inayoilazimu kampuni moja kutengeneza Navy Blue sawa na ya jirani yake. Jina lenyewe lilitokana na sare za maafisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, zilizoanza kutumika mwaka wa 1748, na tangu hapo kila mtengenezaji amekuwa na buluu yake.

Kiswahili nacho kina maneno kadhaa: buluu, samawati na nili, mbali na kaniki, kitambaa ambacho weusi wake una ubuluu ndani. Hata hivyo, watu wawili wakitamka "buluu iliyokoza", hapana hakika kwamba wanaiona rangi moja akilini.

Ndiyo maana ziliundwa orodha za rangi zenye nambari. Ujerumani ilianzisha orodha ya RAL mwaka wa 1927 ikiwa na rangi 40. Uingereza nayo ina orodha iitwayo BS 381C, ambamo nambari 105 ni Oxford Blue.

Katika orodha ya RAL, 5002 ni buluu inayong'ara na kuelekea zambarau. Nambari 5011 imekoza kiasi cha kudhaniwa kuwa nyeusi. Nayo 5013 huitwa buluu ya kobalti ingawa ni nzito mno kuliko buluu ya kobalti wanayotumia wachoraji. Hapo ndipo inapobainika kuwa nambari ni bora kuliko jina.

Kilichomo ndani ya kopo

Sababu ya pili imo ndani ya kopo lenyewe. Rangi hutengenezwa kwa poda ya rangi iliyosagwa, gundi ya kuishikiza, na kiowevu, ama maji au thina. Kuna zaidi ya poda moja ya buluu, na kila moja ina tabia zake.

Ya kwanza ni altramarini. Zamani ilisagwa kutokana na jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake ilikuwa ghali mno hadi Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipogundua namna ya kuitengeneza kiwandani katika miaka ya 1820. Ndiyo poda iliyotumika katika buluu ya kufulia nguo nyeupe. Huelekea zambarau.

Ya pili ni buluu ya Prussia, iliyogunduliwa mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Huelekea kijani. Kasoro yake ni kwamba huharibiwa na chokaa, hivyo haifai kwenye ukuta wa saruji mbichi.

Ya tatu ni ftalosayanini, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya ICI ya Uingereza mwaka wa 1935. Ina nguvu nyingi sana. Tone dogo hubadilisha kopo zima. Nayo aghalabu huelekea kijani.

Kampuni moja inaweza kupata buluu iliyokoza kwa kuchanganya altramarini na nyeusi. Nyingine itatumia ftalosayanini, nyeusi na zambarau kidogo. Zikiwekwa chini ya taa ya dukani, huenda zikafanana kama shilingi kwa ya pili. Zikitolewa juani, zinaachana.

Wataalamu huita hali hiyo metamerizimu. Mwanga wa jua na ule wa taa haulingani katika mchanganyiko wa miali yake, na kila poda hurudisha miali kwa namna yake. Kwa hivyo, rangi mbili zaweza kukubaliana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine.

Mashine nayo ina mipaka

Maduka mengi makubwa siku hizi yana mashine ya kuchanganya rangi, na baadhi yana kifaa cha kupima kiitwacho spektrofotomita. Kifaa hicho huangaza kipande cha rangi, hupima mwanga unaorudi, kisha hupendekeza mchanganyiko unaokaribiana.

Tofauti kati ya rangi mbili hupewa tarakimu. Kwa kawaida tofauti ya takriban 1 ni vigumu kuonekana kwa macho. Hata hivyo, buluu iliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Kanuni ya kupima iliyopitishwa mwaka wa 1976 haikuafikiana vyema na jinsi macho yanavyoiona buluu, ndipo kanuni mpya ya CIEDE2000 ikaongezewa kipengele maalum cha kurekebisha eneo hilo.

Aidha, mchanganyiko wa kampuni moja hauwezi kuhamishiwa kwenye mashine ya kampuni nyingine. Nguvu ya poda zao si sawa, wala rangi ya msingi inayotiwa poda hizo si sawa. Anayenakili vipimo vya kopo la kwanza na kuvipeleka kwa muuzaji wa pili atapata rangi tofauti, hata kama mashine haikukosea.

Kadhalika kuna suala la mng'aro. Rangi ileile ikiwa haing'ai huonekana kufifia, na ikiwa inang'aa huonekana kukoza zaidi. Kulinganisha rangi ya mafuta inayong'aa na rangi ya maji isiyong'aa ni kujidanganya.

Hatua za kufuata

Fundi wa mfano wetu angeepuka hasara kwa kupiga hesabu mapema. Mlango wa urefu wa mita 2 na upana wa mita 0.9 una mita mraba 3.6 kwa pande zote mbili. Milango 40 ni mita mraba 144, na kwa mikono miwili ya rangi ni 288. Ikiwa lita moja hupaka mita mraba 12, zinahitajika lita 24, yaani makopo sita. Yeye alinunua manne.

Makopo hayo sita yangefaa yawe na nambari moja ya bechi, kwani hata kiwanda kimoja hutofautiana kidogo kati ya upishi mmoja na mwingine. Kisha yote yamiminwe kwenye pipa moja safi na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza. Kwa njia hiyo, tofauti ndogo hupotea.

Maji yakishamwagika, bado kuna njia. Kwanza, achukue kipande cha rangi iliyopakwa, angalau upana wa sarafu kubwa, kutoka mahali pasipopigwa na jua, kama vile nyuma ya kitasa au bawaba. Rangi iliyokaa juani miaka kadhaa huwa imechujuka, na ikiwa sehemu hiyo ndiyo inayolinganishwa, apime hiyo badala ya ile iliyofichika. Kipande kiwe safi, bila vumbi wala mafuta.

Pili, apeleke kipande hicho kupimwa, wala asitaje jina la rangi pekee. Aeleze pia iwapo ni rangi ya mafuta au ya maji, na kiwango cha mng'aro.

Tatu, anunue kopo dogo kwanza. Apake kipande cha ubao mikono miwili, akiache kikauke kwa siku moja. Rangi ya maji huonekana nyeupenyeupe ikiwa mbichi na hukoza inapokauka, kwa hivyo kuhukumu kabla haijakauka ni kosa. Kisha aushike ubao kando ya mlango asubuhi, adhuhuri, kivulini na chini ya taa usiku.

Nne, asisahau andakoti. Buluu iliyokoza haina nyeupe nyingi ya kuficha kilicho chini yake, hivyo rangi ya zamani huchungulia. Andakoti ya kijivu husaidia kuliko nyeupe, na hupunguza idadi ya mikono inayohitajika.

Wapo mafundi stadi wanaorekebisha rangi kwa mkono. Wao hutia nyeusi au zambarau tone kwa tone kwa sirinji, wakiandika kila kipimo, kwa maana kisichoandikwa hakiwezi kurudiwa. Hawachanganyi rangi ya mafuta na ya maji, kwani haziungani.

Ikiwa baada ya hayo yote bado ipo tofauti ndogo, rangi mpya ikome kwenye kona au ukingo wa fremu, isikome katikati ya ukuta. Macho hutambua tofauti upesi pale rangi mbili zinapogusana katika uso mmoja. Kwa milango ile 14, ni afadhali yote ya jengo moja ipakwe rangi mpya, ya zamani ibaki jengo jingine.

Mwisho, kazi ikikamilika, mwenye jengo ahifadhi karatasi yenye jina la kampuni, nambari ya rangi, nambari ya bechi, aina ya mng'aro na tarehe. Aweke pia chupa ndogo ya rangi iliyobaki, ikiwa imefungwa barabara. Siku mlango mmoja utakapovunjika, karatasi hiyo ndiyo itakayomwokoa fundi asilipe gharama ya milango 40. Majuto ni mjukuu.