Naftalini na Manjano ya Mtoto Mchanga

Swali ninaloulizwa na wazazi wa Voi, wa Taveta na wa Wundanyi, kila mtoto mchanga aonekanapo na manjano machoni, ni hili: aanikwe juani kwa muda gani? Nimelijibu hata nimechoka nalo, kwa kuwa linalopasa kutangulia ni nguo alizovikwa zilihifadhiwa wapi, na pamoja na nini.

Aghalabu nguo hizo, alizorithi kwa ndugu yake au zilizonunuliwa mapema, zilifungiwa sandukuni miezi kadhaa pamoja na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende, na mvuke wake ukajaa blanketini na shalini. Mtoto hakumeza kitu. Walakini sumu hii huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na ngozi iliyopakwa mafuta huipokea kwa wepesi zaidi. Mwaka 1963 Valaes na wenzake, matabibu wa Ugiriki, walieleza habari za wachanga 21 ambao damu yao iliharibiwa kwa njia hiyo, wawili wakafariki. Walio hatarini zaidi ni wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozihifadhi chembe nyekundu, upungufu ulioenea katika nchi zilizokaliwa na malaria tangu kale, kama Taveta. Mama huweza kuurithisha bila yeye mwenyewe kuugua, na wanaodhurika zaidi ni watoto wa kiume.

Ama jua, ni kweli kwamba nuru yake huibadili bilirubini, ile rangi ya manjano itokayo katika chembe zilizovunjika, ipate kutoka mwilini; lakini mtoto aliyefunikwa shali katika jua la asubuhi hapati nuru ya kutosha, na akivuliwa nguo katika jua kali la Voi ataungua na kukaukiwa na maji, na hata lau jua lingekuwa jema namna gani, haliondoi naftalini wala halizuii chembe kuvunjika, ilhali mtoto hurudishwa ndani akafungwa katika blanketi lile lile! Siku hizo za kuhesabu dakika ndizo bilirubini ipenyapo ubongoni, ikaacha uziwi na ulemavu wa viungo usiotibika. Maji ya glukosi nayo hayafai kitu: humjaza tumbo asinyonye, na kunyonya ndiko kumpatiako choo kinachoitoa rangi hiyo.

Basi mvue nguo hizo, endelea kumnyonyesha, umpeleke hima Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi hapa Voi, au kituo kilicho karibu, hasa manjano yakitokea katika saa 24 za kwanza, yakifika nyayoni, mkojo ukiwa mweusi, au akikataa kunyonya. Ngozi ikiwa nyeusi, tazama macho na ufizi. Mwambie tabibu habari ya naftalini, aangalie na G6PD. Tiba ni taa ya buluu, na ikibidi, kubadilishiwa damu. Nguo zifuliwe na kuanikwa hata harufu iishe kabisa, isipoisha, asivikwe. Vidonge vilivyobaki vitolewe nyumbani, vitupwe mahali ambapo mtoto mkubwa hawezi kuvifikia akavidhani peremende.