Aliyekataliwa Hifadhi Anarudishwa Wapi?

Mara nyingi tunasikia kwamba mwomba hifadhi fulani amekataliwa na atarudishwa kwao. Maneno ni mafupi, lakini yanabeba swali zito: huko anakopelekwa ni salama?

Kwa kawaida serikali husikiliza maelezo ya mwombaji, na akikataliwa huweza kukata rufaa. Rufaa ikishindikana, hurejeshwa nchini kwake. Lakini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, Ibara ya 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au maoni ya kisiasa. Kwa hiyo maombi yakisikilizwa vibaya, mkimbizi wa kweli anaweza kurudishwa kwenye hatari ileile aliyoikimbia.

Siku hizi wengine hupelekwa nchi ya tatu wasiyoijua kabisa. Aprili 2022, Uingereza na Rwanda zilikubaliana kwamba baadhi ya watu waliofika Uingereza bila kibali wapelekwe Kigali, na maombi yao yasikilizwe huko. Tarehe 15 Novemba 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwa kauli moja kwamba mpango huo haukuwa halali. Majaji hawakusema kuwa ni kosa daima kumpeleka mtu nchi ya tatu. Waliona kwamba usikilizaji wa maombi nchini Rwanda ulikuwa na kasoro, hivyo watu wangeweza kukataliwa kimakosa na kurudishwa walikotoka. Walitazama pia makubaliano ya awali kati ya Israel na Rwanda, ambapo waliopelekwa Kigali walivushwa kwa siri hadi Uganda.

Mwaka 2024 serikali mpya ya Uingereza iliufuta mpango huo. Waliokuwa wamekwenda ni wanne tu, kwa hiari. Hata hivyo, mwaka 2025 Rwanda ilikubali kupokea hadi watu 250 kutoka Marekani.

Kamati za parokia zikiletewa habari za mtu anayetakiwa kuondolewa, tunashauri ziulize mapema: Je, maelezo yake yamesikilizwa yote, kwa lugha anayoielewa? Muda wa rufaa umekwisha? Anapelekwa nchi gani, na nchi hiyo nayo inaweza kumfukuza?

Nanyi wafadhili wetu, fedha ya wakili na mkalimani hufaa zaidi ikitolewa kabla ya uamuzi. Ndege ikisharuka, ni vigumu sana kurekebisha kosa.