Sura ya 6: Simu Inayojua Wiki ya Mama

Swali la kwanza katika kliniki ya wajawazito huhusu tarehe: hedhi yako ya mwisho ilianza lini? Kutoka siku hiyo muuguzi huhesabu siku 280. Njia ya mkato ni kuongeza siku 7 kisha kurudi nyuma miezi 3. Mama aliyeanza hedhi tarehe 10 Mei atatarajiwa kujifungua 17 Februari.

Zamani jibu hilo liliishia kwenye kadi. Siku hizi kompyuta hulipokea, ikapiga hesabu ya umri wa mimba na kuchagua la kumwambia mama wiki hii. Ndivyo ilivyofanya kazi Wazazi Nipendeni, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2012: mama alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, bila malipo, akaanza kupokea ujumbe wa Kiswahili unaolingana na mimba yake. Afrika Kusini ilianzisha huduma kama hiyo, MomConnect, mwaka 2014, na mwaka 2017 ikaipeleka kwenye WhatsApp.

Kwa nini wiki ina uzito hivyo? Chukua dawa ya SP ya kukinga malaria. Hutolewa kuanzia wiki ya 13, angalau mara tatu, na kila dozi hupishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi. Kumkumbusha mama wa wiki ya 6 ni kumhimiza ameze dawa ambayo muda wake haujafika. Kumkumbusha wa wiki ya 35 ambaye hajaanza ni kuchelewa kwa dozi zote tatu.

Hata hivyo wiki peke yake haitoshi. Mama anayeishi na VVU na kutumia septrin kila siku hapewi SP kabisa. Yeye na mama asiye na VVU wanaweza kuwa na tarehe moja ya kujifungua, na ujumbe unaomfaa mmoja ukampotosha mwenzake. Ili simu izungumze na mama huyu hasa, inahitaji kujua yaliyomo kwenye faili lake, na pia kumsikiliza.

Kusikiliza ndiko kugumu zaidi. Mama akiandika "chupa imevunjika", yaani maji ya uzazi yametoka, akiwa wiki ya 39 ni habari ya kwenda kujifungua. Akiwa wiki ya 30 anahitaji haraka hospitali yenye uwezo wa kumtunza mtoto njiti. Nchini Kenya, huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health hupokea maswali ya kina mama kwa ujumbe mfupi. Mashine huyachambua, na yenye dalili za hatari hutangulizwa kwa wahudumu waliofunzwa. Damu, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maluweluwe, mtoto kuacha kucheza: hayo hayasubiri foleni.

Je, ujumbe wa aina hii unasaidia? Utafiti uliofanyika Unguja mwaka 2009 na 2010 ulihusisha wajawazito 2,550 katika vituo 24. Kundi moja lilipata ujumbe wa simu na vocha ya kumpigia mhudumu. Katika kundi hilo asilimia 44 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi, dhidi ya asilimia 31 katika kundi lingine. Waliozalishwa na mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 dhidi ya 47, lakini ongezeko hilo lilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba halikuwafikia. Ujumbe hufika kijijini, ila hauna gari la kumbeba mama usiku.

Linabaki suala la siri. Kadiri ujumbe unavyomhusu mama zaidi, ndivyo unavyoweza kumwumbua, kwani simu nyingi za nyumbani hushikwa na mume, mawifi na watoto. Neno moja kuhusu dawa za VVU likitokea kwenye kioo huweza kuvunja ndoa. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, lakini sheria haikai sebuleni. Busara ni kutuma ujumbe usiotaja ugonjwa, kufungia mambo ya ndani kwa namba ya siri, na kumwuliza mama siku ya kujiandikisha: simu hii ni yako peke yako? Jibu lake lapaswa kuamua apelekewe nini kwenye simu na nini asubiri kuambiwa na muuguzi, ana kwa ana.