Gari la wakfu lenye kilomita 400,000: nani alitunze?

Masika ya mwaka jana gari la msikiti wetu lilikuwa likiteremka kutoka Lushoto kwenda Korogwe, ndani yake akiwa amelazwa mzee mgonjwa pamoja na binti zake wawili. Walipokwisha kupita Soni, pale barabara inapojipinda ubavuni mwa mlima na bonde likiwa chini, dereva alikanyaga breki na mguu wake ukazama hadi sakafuni bila ya gari kupungua mwendo. Allah Mtukufu alimjaalia utulivu. Aliingiza gia ya pili, kisha ya kwanza, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa mlima hadi likasimama. Mgonjwa alipandishwa gari jingine akafika hospitali salama. Sisi wanakamati tulipopata habari hizo hatukuwa na la kusema, kwani wiki mbili kabla yake tulikuwa tumeahirisha kulitengeneza, tukiambizana kuwa litavumilia hadi baada ya Idi.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambao ulianza kuundwa mwaka 1984. Injini yake ni 1HZ ya dizeli, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita 4,164. Liliwekwa wakfu na muumini mmoja aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Ndilo linalobeba jeneza, ndilo linalokimbiza wajawazito usiku wakati njia zetu za milimani zimegeuka tope, na siku ya Maulidi ndilo linalochukua masufuria.

Katika kikao kilichofuata baadhi ya wazee walitaka liuzwe. Hoja yao haikuwa ya ovyo: gari lililokaribia kuwaua watu lina haki gani ya kubaki barabarani? Lakini asili ya wakfu ni kwamba hauuzwi wala haurithiwi, na hata miongoni mwa wanazuoni wanaoruhusu kuubadilisha, wako wanaoshurutisha kwamba manufaa yake yawe yamekoma. Manufaa ya gari hili hayajakoma. Uangalizi wetu ndio uliokoma. Isitoshe, mafakihi wameeleza kuwa mapato ya wakfu huanza kutumika katika kuuhifadhi wakfu wenyewe kabla ya kugawiwa wanaonufaika nao. Sisi tulikuwa tukifanya kinyume. Kila aliyesafirishwa alitoa chochote, nacho kikaishia kwenye mafuta na chai.

Basi tuliafikiana kulitunza wenyewe uani mwa madrasa, tukiongozwa na kijana wetu mmoja aliyesomea ufundi wa magari VETA, na kazi zinazozidi uwezo wetu zipelekwe kwa fundi mjini.

Tulianza na breki. Chanzo cha mguu kuzama kilikuwa maji ya breki yaliyokaa humo miaka isiyojulikana. Maji hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukizidi, joto la mteremko mrefu huyachemsha yakatoa povu la mvuke. Mvuke hubonyea, ukakosa kusukuma. Ndiyo sababu gari lilisimama vizuri tambarare, likakataa mlimani. Tiba yake haina fahari yoyote: kuyatoa yote na kutia mapya, gurudumu moja baada ya jingine, ukianza na lililo mbali zaidi na pampu. Mmoja hukanyaga, mwingine hufungua na kufunga tundu la kutolea hewa, wa tatu hulinda chombo cha juu kisikauke, kwa maana kikikauka hewa huingia na kazi huanza upya. Kwetu kilikauka mara mbili. Yapo magari hapa petu yanayojazwa oili ya injini mahali pa maji ya breki mtu anapoona yamepungua. Oili hiyo huzivimbisha na kuzioza raba zote za mfumo wa breki. Afanyaye hivyo ajue amelitegea mtego gari lake.

Jambo la pili lilitushtua kuliko la kwanza. Injini ya 1HZ ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 au 150,000, kutegemea soko ambalo gari liliuzwa, na taa ndogo kwenye dashibodi huwaka kukumbusha. Tulipofungua dashibodi tulikuta taa hiyo imebandikwa utepe mweusi. Fundi mmoja wa zamani aliona ni rahisi kuinyamazisha kuliko kubadili mkanda. Mkanda huo ukikatika, vali na pistoni hugongana, na injini iliyodumu miaka 30 huharibika kwa dakika moja. Kazi hii hatukuijaribu uani. Alama za taimingi zikikosewa kwa jino moja hasara ni ile ile. Tulichanga, tukapeleka mjini, na mkanda wa zamani tukaomba turudishiwe. Ulikuwa na nyufa mgongoni. Sasa umetundikwa ofisini, na kila mwanakamati anayelalamikia gharama huoneshwa.

Mengine yalikuwa mepesi. Kuondoa maji yanayokusanyika chini ya chujio la dizeli. Kupiga grisi kwenye maungio ya propela kila linapotoka kwenye tope zito. Kutazama maji ya rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, na kutokuifungua kabisa ikiwa ya moto. Kwenye magurudumu ya mbele tulikuta oili ya difu ikichuruzika ikiwa imechanganyika na grisi juu ya lile tufe ambalo gurudumu hugeukia. Ni dalili kwamba sili ya ndani imekufa, na beringi hazitachelewa kuifuata. Oili chafu tunaihifadhi katika dumu. Wajenzi huichukua kupaka mbao dhidi ya mchwa. Kuimwaga hatukubali, kwa kuwa vijito vyetu ndivyo vinavyonywewa na walioko chini.

Tuna neno kwa akina baba wanaotengeneza magari nyumbani, watoto wakicheza pembeni. Jeki ni ya kuinulia gari, haikuumbwa kulishikilia. Gari la tani mbili likiteleza halisubiri mtu atoke. Kazi hufanywa ardhi ikiwa tambarare na ngumu, magurudumu yaliyobaki chini yamezuiwa kwa kabari mbele na nyuma, na chesesi imewekewa stendi za chuma au magogo mazito yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali ya kuchoma na ya saruji yasitumike, maana hupasuka ghafla bila kulia. Sisi tumeweka sharti kuwa hakuna anayeingia chini ya gari akiwa peke yake, wala mtoto wa madrasa haruhusiwi kuingia kabisa, hata akiwa ndiye mwembamba kuliko wote.

Vijana waliuliza pia kuhusu udhu. Grisi nene iliyoganda kwenye ngozi au chini ya kucha huzuia maji yasifike, kwa hiyo lazima iondolewe. Weusi uliobaki baada ya kuosha, usio na mwili, haudhuru. Mama mmoja wa jirani alitufundisha kusugua mikono kwa sukari na sabuni ya maji kabla ya kutia maji yoyote. Tumeiacha petroli tangu hapo. Ilikuwa ikituchubua.

Lakini kitu kilichotufaa kuliko spana zote ni daftari la shilingi chache. Dereva huandika kilomita kila safari. Anayebadilisha oili huandika tarehe na jina lake. Mweka hazina huandika kilichoingia. Mwanzoni dereva aliona kama anapelelezwa, na kwa mwezi mzima aliandika kwa kununa. Siku hizi ndiye anayetukumbusha.

Ukurasa wa karibuni unasomeka kilomita 412,380. Oili na chujio lake vimebadilishwa, maji ya breki yatafikisha miaka miwili baada ya masika yajayo, na gurudumu la mbele kushoto bado linasubiri sili. Fedha ya sili imo kisandukuni. Jumamosi hii baada ya swala ya Alfajiri, inshaallah, tutalipandisha gari kwenye magogo.